Kwa Joyline Akoth, Mwalimu wa Darasa la Jumamosi

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ulipotuacha. Tulidhani tutaandika maneno machache kama wanavyoandika wengine, picha juu na aya mbili chini, lakini sisi ni watoto wako na kusema kidogo hukutufundisha. Kwa hiyo vumilia. Na anayesoma haya bila kukujua avumilie pia, tutamweleza.

Wewe ulikuwa binti wa fundi wa reli, ukazaliwa katika nyumba za reli pale Nakuru, ukaolewa na Kiplangat wa Bahati, ukahamia naye Naivasha alipopata kazi kwenye mitambo ya mvuke kule Olkaria. Ulizaa watatu: Kimeli, Chepchirchir na kitinda mimba wako Kimberly. Uliajiriwa ufundishe Kiswahili na dini katika shule ya msingi. Muziki uliufundisha kwa sababu hakuna aliyekukataza, na alipotokea wa kukukataza ulikuwa tayari umeshawafundisha watoto wake.

Hukununua sufuria bila kuigonga. Wauzaji sokoni walikujua. Ulizipanga tatu chini, ukagonga kila moja kwa kijiko, kisha ukaondoka na ile iliyolia vizuri hata kama ilikuwa imebonyea. Jikoni ulipika ukiimba, na kama wimbo haujaisha ugali ulisubiri. Baba alizoea kula amechelewa. Hakulalamika, maana chakula chako kilikuwa kitamu, na mgala muue na haki yake mpe.

Lakini wengi walikujua kwa sababu ya darasa la Jumamosi. Ulilianzisha katika lile banda la mabati nyuma ya kanisa, mahali akina mama hupikia siku za harusi. Ulianza na watoto sita. Ulipoondoka walikuwa wamepita arobaini, mdogo wao ana miaka minne na mkubwa wao sabini na minne. Mlikuwa na filimbi za plastiki, ngoma za madumu, gita moja lenye nyuzi tano kwa sababu wa sita ulikatika na hamkupata mwingine, na makatoni ya maua yaliyotupwa na mashamba, ambayo mlichorea kwa makaa. Watu walikuambia, "Mwalimu, samaki mkunje angali mbichi. Hawa wazee utawafanyia nini sasa?" Ukawajibu, "Mimi sikunji samaki. Nafundisha watu."

Sheria yako ilikuwa moja tu. Aliyejifunza kitu Jumamosi lazima amfundishe mtu aliyemzidi umri kabla ya Jumamosi nyingine. Si rika lake wala si mdogo wake. Mtoto wa miaka saba alimfundisha dada yake, dada akamfundisha mama, na mama akampelekea msimamizi wake wa zamu kule kwenye mashamba ya maua. Ulisema kumfundisha mdogo ni rahisi, hata kudanganya unaweza. Ila ukimfundisha mkubwa wako ni lazima uwe umeelewa, na yeye ni lazima ajishushe kidogo, na hilo la pili ndilo gumu zaidi.

Tuliyaona matunda yake kwa macho yetu. Winrose, ambaye hufunga maua siku nzima akiwa amesimama, alikuwa anafika bandani na vidole vimevimba, anachukua kipande cha makaa, anachora nyuso za wenzake wa zamu. Siku moja alikuambia, "Mwalimu, kule kazini mimi ni mikono tu. Hapa niko mzima." Mzee Bethwel, aliyekuwa soja, mlinzi wa usiku, hadi akastaafu, alikuwa ameacha kutoka nyumbani tangu mkewe afariki. Mjukuu wake alimfundisha filimbi. Mzee huyo aliyekuwa anasahau kama amekunywa chai alishika nyimbo kumi na mbili, kila moja tangu mwanzo hadi mwisho, na akaanza kufika bandani kabla ya mwenye ufunguo. Hata Kimberly wetu hesabu ya sehemu ilimshinda kabisa, mpaka siku ulipomgawia noti moja ndefu kwa makofi, nusu na nusu, kisha robo nne. Tangu hapo hakuna aliyemshika kwa hesabu.

Aliyekataa kufundishwa ni mmoja tu, na ulilala naye kitanda kimoja.

Baba hakuuchukia muziki, Mama, tunajua ulilijua hilo. Alikubebea filimbi, alikushonea ngozi za ngoma, alisimama mlangoni pa banda mvua ikinyesha akisubiri umalize. Kuingia ndani ndiko kulikomshinda. Kila wiki Kimberly alikuja na somo lake akitafuta mkubwa wa kumfundisha, na kila wiki Baba alisema, "Nitaanza Jumatatu." Jumatatu yenyewe haikufika. Kwake muziki ulikuwa kama maua ya kupamba meza, mazuri, lakini mtu hali maua.

Sasa tufike mahali tusipopapenda. Siku ya kukuzika, kule nyumbani Bahati, darasa lako lote lilikuja. Walitoka Naivasha alfajiri, watoto na wazee, kila mmoja na chombo chake. Baba alikuwa ameiambia kamati ya mazishi ikodishe spika kubwa na bendi kutoka Nakuru. Alisema ni kwa ajili ya mpangilio, kwamba wageni ni wengi na filimbi za plastiki hazitasikika. Basi bendi ikapiga, na ilipiga vizuri. Watu wako walikaa kwenye viti vya nyuma na vyombo mapajani. Mzee Bethwel aliweka filimbi yake ndani ya koti na hakuitoa. Kimberly alikaa nao, hakuja mbele kwenye viti vya familia hadi alipoitwa kutia mchanga.

Sisi wakubwa tuliona, tukanyamaza. Mzee amefiwa, tukasema, mwacheni. Lilikuwa kosa, na tunalikiri hapa mbele ya kila anayesoma.

Tangu siku hiyo Kimberly hakugusa filimbi. Kimeli alirudi kazini Eldoret, Chepchirchir kwake Kericho, na nyumba ya Naivasha ikabaki na watu wawili wasiosumbuana. Walikula kwa wakati, Mama. Ugali ulikuwa mezani saa moja kamili kila jioni. Baba ametuambia hakuna kitu kilichomuumiza kama ule ugali kuwa mezani saa moja kamili.

Haya yanayofuata hatukuyaona wenyewe. Ametueleza Baba, na pale alipojipendelea Kimberly amemrekebisha.

Mwezi wa sita Kimberly alileta fomu ya kuchagua njia atakayofuata Gredi ya Kumi. Mzazi alitakiwa kutia sahihi, na ilitakiwa shuleni Jumatatu. Baba alivaa miwani akaisoma pale mezani.

"Umeandika nini hapa?"

"Arts and Sports. Music."

"Na maths yako? Mwalimu amesema uko na exceeding, ile ya juu kabisa. Unataka kuachia nani?"

"Maths bado nitafanya, Baba. Kila mtu anafanya."

"Music si kazi, Kim. Ni kitu mtu hufanya akishamaliza kazi." Alivua miwani. "Na hata haupigi siku hizi. Tangu mama yako aende hujashika hiyo filimbi. Sasa hii unachagua ni ya nini?"

"Si ni wewe ulitunyamazisha."

Baba alishika kalamu.

"Nataka kuenda mahali naweza piga," Kimberly alisema. "Hapa siwezi." Akaondoka kwenda chumbani. Hakubamiza mlango. Angeubamiza, Baba angejua la kufanya, maana mlango uliobamizwa ana hotuba yake. Huu ulifungwa polepole, na akabaki pale mezani na kalamu mkononi. Alielewa kwamba akitia sahihi au asitie, ifikapo Januari mtoto huyu ataondoka nyumbani kwake kwenda shule ya bweni na hatakuwa na haraka ya kurudi.

Ijumaa nzima fomu ilikaa kwenye mfuko wa koti. Jumamosi aliamua kwenda kumwona Mzee Bethwel, ambaye ni mzee wa kanisa na watoto humsikiliza, ili azungumze na msichana. Alimkosa nyumbani. Jirani akamwambia ajaribu bandani. Baba alishangaa. Kwa miezi kumi aliamini darasa lile lilizikwa nawe, na hakuwahi kuuliza, na hakuna aliyeona sababu ya kumwambia.

Alilikuta limejaa. Alisimama mlangoni pale pale alipozoea kukusubiri, akatafuta kwa macho mwalimu ni nani. Hakumwona. Msichana mdogo alikuwa anamshika bibi mmoja vidole juu ya filimbi, bibi huyo alikuwa anamkosoa kijana wa gita, na kila mtu alikuwa na shughuli. Ulikuwa umewafanya wote walimu, Mama. Ulipoondoka waliendelea tu na kazi.

"Baba Kimeli," Mzee Bethwel akamwona. "Karibu, karibu. Keti."

"Mzee, nilikuwa nataka tuongee kidogo. Ni maneno ya huyu msichana."

"Tutaongea. Lakini hapa hakuna kukaa bure." Akageuka. "Winrose, huyu ni mkubwa wako. Mshughulikie."

Winrose alimpa nafasi kwenye benchi. Kabla hajamwanzishia chochote, wenye filimbi walianza wimbo, kumi na wawili wamepanga mstari. Baba alisikiliza kidogo, akakunja uso.

"Hiyo moja iko chini," alisema.

"Gani?"

Baba aliinuka. Alipita mbele yao mmoja mmoja, kichwa ameinamisha, wale watu wakiendelea kupiga huku wakimtazama kwa pembe ya jicho. Akasimama mbele ya mama mmoja. "Hii."

Winrose aliichukua filimbi ile akaikagua. Kiungo chake cha juu kilikuwa kimevutika nje, kiasi cha upana wa ukucha. Akakisukuma ndani, wakaanza upya, na sauti zikakaa pamoja.

"Umejuaje, mzee?"

"Kazini nilikuwa nasikiliza beringi za pampu," Baba alisema. "Unaweka bisibisi kwa mtambo, alafu unaweka sikio kwa mpini. Beringi ikianza kuharibika sauti yake inashuka. Unazima kabla ivunjike."

"Na nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu. Ni sikio tu."

Mzee Bethwel alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu alikuwa anatuambia ako na mwanafunzi mmoja nyumbani, sikio yake hajawahi ona ingine kama hiyo, lakini amekataa kuja darasa. Miaka yote sisi tulidhani ni Kimeli."

Kimeli, anayeandika sehemu hii, anathibitisha kwamba si yeye.

Baba alirudi kwenye benchi akakaa. Ulikuwa umewaambia watu wote isipokuwa yeye, au pengine ulimwambia kila wiki naye akajibu Jumatatu. Winrose alimfundisha makofi kwa saa nzima: moja ndefu, mbili fupi, pumzika. Alipotea mara nne. Mtu aliyesimamia mitambo miaka thelathini alihesabiwa na binti wa miaka ishirini na mbili, "moja, mbili, Baba Kimeli, umekimbia tena," naye akaanza upya. Mzee Bethwel alipomkumbusha yale maneno ya msichana, Baba alisema yamekwisha.

Asubuhi ya Jumapili alikuwa jikoni anachemsha maziwa ya chai, Kimberly akaingia kuchukua kikombe. Baba hakugeuka. Alimwambia akiwa anatazama sufuria, kwa sababu angemtazama yeye asingeweza.

"Kim. Ile siku ya mazishi."

Kimberly alisimama.

"Nilisema spika ni ya mpangilio. Nilidanganya. Sikuwa naogopa muimbe vibaya. Nilijua mkiimba nitalia. Wajomba wako walikuwa hapo, wazee wa kwetu walikuwa hapo, watu wa kazi walikuwa hapo. Nikaogopa. Mama yako alifundisha watu maisha yake yote, na mimi nikawafunga mdomo siku yake ya mwisho, ndio mimi nisionekane. Nisamehe."

Kimberly alichukua kikombe. Kisha akasema, "Tungeimba vibaya, Baba. Hakuna mwenye angemaliza hata verse moja. Sote tulikuwa tunalia."

"Basi mngeimba hivyo hivyo."

Alitoka na kikombe kitupu. Baba alifikiri amekwenda kujiandaa kwa kanisa. Halafu akasikia filimbi chumbani. Mwanzo ilikwaruza, vidole vilikuwa vimesahau, ikakatika, ikaanza tena. Ulikuwa wimbo wako wa kusongea ugali, ule usio na maneno. Maziwa yalipanda, yakamwagika, yakazima moto, na Baba alisimama pale pale akalia bila kujifuta, mwiko mkononi, mpaka wimbo ukaisha. Kisha alifuta meza, akatoa fomu kwenye koti, akatia sahihi. Ina doa la maziwa kwenye kona. Shule imeipokea hivyo hivyo.

Akaenda kusimama mlangoni pa chumba. "Hiyo ya mwisho ilikuwa juu kidogo," alisema.

"Najua, Baba."

Tumekuandikia yote haya ili ujue tuko sawa. Huzuni ipo, tungedanganya tukisema imekwisha, lakini ina mahali pake na haijatujaza nyumba. Ugali umeanza tena kuchelewa. Baba hajakosa Jumamosi hata moja, ana wimbo mmoja na nusu, na kupata wa kumzidi umri kumemtesa kidogo, kwa hiyo hupanda kwenda Bahati kumfundisha kaka yake Hezekiah, ambaye ana miaka sabini na sita na anasema amechoka kupiga makofi. Kimberly ataanza Gredi ya Kumi Januari. Tayari ameuliza tarehe za likizo, na hilo limemfurahisha Baba kuliko yote.

Kwa wale waliokuwa wanatuuliza kama muziki una faida gani kwa mtoto, au kwa mtu mzima, au kwa mzee ambaye siku zake zimebaki chache: hatuna jibu refu. Njooni bandani Jumamosi yoyote. Kila mmoja amlete mtu aliyemzidi umri.

Ibada ya kumbukumbu itafanyika nyumbani Bahati Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Hakutakuwa na spika. Darasa lako litaimba, wote arobaini na saba, na tumewaambia wachukue muda wao.

Unakumbukwa kwa upendo na mume wako Kiplangat. Watoto wako Kimeli, Chepchirchir na Kimberly. Kaka yako Sydney na jamaa wote wa Nakuru. Shemeji yako Hezekiah na ukoo mzima wa Bahati. Mzee Bethwel, Winrose na kila uliyemfundisha, pamoja na wale waliofundishwa nao, ambao hatuwezi kuwahesabu.

Baba ameomba tuongeze neno moja kwa niaba yake. Anasema siku hiyo atakaa mbele kabisa, atalia, na watu wazoee.

Hatutakusahau, Mama, maisha yetu yote.